Dawa ya meno ya mitishamba inatosha? Jibu kwa mama wa Langoni, Lamu

Swali: "Assalam alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine tisa, tunakaa Langoni. Tumeacha dawa ya meno ya kawaida tukahamia ya mitishamba isiyo na floraidi, yenye karafuu na mwarobaini, kwa sababu tunasikia floraidi ni sumu. Jirani yetu aliyekulia Naivasha meno yake yote yana madoa ya kahawia, na mwenyewe anasema ni floraidi. Vinywa vyetu vinanukia vizuri, lakini fizi zangu zinatoka damu kila nikipiga mswaki, na yule mkubwa gego lake limetoboka. Nataka pia nitengeneze dawa ya kusukutua hapa nyumbani. Yafaa? Ramadhani ikifika tufanyeje? Na mama mkwe, ambaye hatafuni kitu ila tambuu, asukutue na nini?"

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Nianze na lile gego, maana ndilo lisiloweza kungoja.

Mtoto wa miaka tisa ana magego ya aina mbili kinywani. Kuna ya utotoni, ambayo yatang'oka yenyewe, na kuna gego la kwanza la ukubwani, linaloota nyuma kabisa ya safu akiwa na umri wa miaka sita hivi, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa halikuchukua nafasi ya jino jingine, wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni, wakaliacha lioze. Hilo halina badala. Weka kidole kwenye jino la mbele, lililo jirani na mstari wa katikati, uhesabu kwenda nyuma: la sita ndilo. Tundu likiwa hapo, mpeleke hospitali ya King Fahd hapa Lamu au kwa daktari wa meno mwingine wiki hii, usisubiri augue. Tundu dogo huzibwa mara moja likaisha. Likishafika kwenye neva, tiba huwa ndefu na ghali, au jino hung'olewa. Na hakuna dawa ya bomba, ya mitishamba wala ya kiwandani, inayoziba jino lililokwisha kutoboka.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Tunapopiga mswaki kuna kazi mbili zinafanyika, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuondoa ukoga, ule utando laini wa bakteria unaogandamana na jino. Kazi hii hufanywa na nyuzi za mswaki na mkono wako. Dawa inasaidia kidogo tu. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha bomba mara kumi na fizi zikaendelea kutoka damu vilevile. Ya pili ni kulikinga jino na asidi. Ukila kipande cha halua, bakteria wa kwenye ukoga huigeuza ile sukari kuwa asidi katika dakika chache, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuizimua. Enameli, ile ngozi ngumu ya juu ya jino, huanza kuyeyuka pH ya kinywa, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikiwa chini ya 5.5 hivi. Mate yakiwa na floraidi, madini yanayorudi juu ya jino hujijenga upya yakiwa magumu kuliko mwanzo, yakastahimili mpaka karibu pH 4.5. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama jino litajirekebisha au litatoboka.

Karafuu haifanyi kazi hiyo ya pili. Mwarobaini haufanyi, nanaa haifanyi, mdalasini haufanyi. Yote haya yana faida zake: yanapunguza baadhi ya bakteria, yanatuliza fizi, yanaondoa harufu. Kwa hiyo kunukia kwa vinywa vyenu ni kweli, lakini hakukuambii lolote kuhusu kutoboka. Uchambuzi wa mwaka 2003 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliokusanya majaribio mengi ya watoto, ulionyesha kwamba dawa ya meno yenye floraidi hupunguza kuoza kwa takriban asilimia 24 ikilinganishwa na dawa isiyo nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa nyumba yenye mtoto ambaye gego lake limeshatoboka, mimi siwezi kukushauri ukae bila floraidi.

Habari njema ni kwamba hulazimiki kuacha mitishamba. Ziko dawa za meno za mitishamba zenye floraidi ndani, na mara nyingi kampuni moja hutengeneza aina zote mbili, maboksi yakifanana kwa rangi na picha za majani. Geuza boksi usome nyuma. Tafuta neno "fluoride" na namba iliyofuatwa na herufi "ppm", yaani sehemu ngapi katika milioni. Kwa watu wazima na watoto wa miaka sita kwenda juu, itafute iliyo kati ya 1,350 na 1,500. Nyingi huandikwa 1,450. Kwa yule wa miaka minne isipungue 1,000. Ukikuta orodha ndefu ya mimea na hakuna namba hiyo, rudisha bomba rafuni. Neno "asilia" mbele ya boksi halina kipimo. Kila mtu anaweza kuliandika. Angalia pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya kwisha. Hili la alama si urasimu: mwaka 2007 dawa za meno zilizotoka Uchina zilikutwa Panama na nchi nyingine zikiwa na daithilini glaikoli, kemikali ya sumu iliyotiwa mahali pa glisarini kwa kuwa ni rahisi zaidi. Bomba lisilo na jina la mtengenezaji, linalouzwa kando ya njia, liache.

Kitu kimoja ambacho watu wa "dawa za kutengeneza nyumbani" hawakwambii: usichukue dawa yenye floraidi ukaichanganya na unga wa maganda ya mayai au chaki ili iwe kali zaidi. Kalisi huikamata floraidi ikawa haina kazi tena. Viwandani, ambako dawa nyingi za mitishamba hutumia kalisi kaboneti kama kisugulio, huweka floraidi ya aina nyingine, sodiamu monofluorofosfeti, isiyonaswa kirahisi namna hiyo. Jikoni huwezi kuipata.

Kuna dawa chache zisizo na floraidi ambazo zina hoja: zile zenye haidroksiapataiti, madini yaleyale yanayolijenga jino, zilizoanza kuuzwa Japani miaka ya 1980. Ni ghali, na kwetu si rahisi kuzipata. Mtu mzima asiye na matundu akizitaka, sina ugomvi naye.

Jirani yako wa Naivasha

Hajakosea. Meno yake kweli yameharibiwa na floraidi, ila haikutoka kwenye bomba. Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno, na visima vingi vya Naivasha, Nakuru na kwingineko huko vina floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji hayo kila siku tangu kuzaliwa mpaka miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanaumbwa ndani ya taya, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Mtu mzima akihamia huko meno yake hayabadiliki, kwa kuwa yameshaumbika. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki.

Kwa hiyo hatari iko katika kumeza, kwa wingi, kwa miaka, utotoni. Hapo ndipo kipimo cha dawa kwa watoto kinapokuja. Chini ya miaka mitatu, tia kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya njegere: huyo wako wa minne yumo hapa. Usimwachie ajitilie, watoto hupenda ladha tamu wakaila kama aiskrimu. Dawa ya kiasi cha njegere ni robo gramu hivi, na yenye ppm 1,000 inabeba robo miligramu ya floraidi. Hata akiimeza yote siku moja moja, haina neno. Kula bomba ni jambo jingine. Kiwango cha kuhofia ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili; mtoto wa kilo 15 hukifikia akila takriban gramu 50 za dawa yenye ppm 1,450, yaani nusu ya bomba la gramu 100. Likitokea, mpe maziwa anywe, kwa kuwa kalisi yake huishika floraidi tumboni, kisha mkimbize hospitali na bomba mkononi. Bomba likae juu kabatini, basi.

Na ukishaogopa floraidi, iogope magadi kwanza. Ule wa mawe unaotiwa kwenye maharage una floraidi nyingi, na ukali wake wa alkali unachoma fizi. Kuna watu wanausaga na kuupigia mswaki. Usifanye.

Fizi zinazotoka damu

Damu ni dalili kwamba kuna ukoga uliokaa pale fizi inapokutana na jino. Wengi wakiona damu hukwepa sehemu ile, ukoga ukazidi, damu ikazidi. Fanya kinyume. Tumia mswaki laini, ulaze pembeni kiasi cha digrii 45 ili nusu ya nyuzi zake ziwe juu ya jino na nusu kwenye ukingo wa fizi, usogeze kwa mitetemo mifupi, meno mawili au matatu kwa wakati. Usikokote kama unayesugua sufuria. Dakika mbili nzima, mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo kubwa, kwa kuwa usingizini mate hupungua na jino hubaki bila mlinzi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji. Hili la mwisho huwasumbua watu, lakini ukisukutua unaimwaga floraidi yote uliyoinunua. Kati ya meno pitisha uzi wa meno au brashi ndogo za katikati. Mswaki haufiki huko, na ndiko damu inakoanzia.

Ukifanya hivyo siku kumi mpaka kumi na nne, damu hupungua sana au kwisha. Isipokwisha, kuna ukoga ulioganda ukawa jiwe, na huo hautoki kwa karafuu wala kwa mswaki: unabanduliwa na daktari kwa vyombo. Kama una mimba, mjulishe daktari wako pia, maana homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe upesi zaidi. Na wakati huo usinywe wala kumeza dawa ya mwarobaini ya aina yoyote.

Dawa ya mitishamba isiyo na kile kitoa povu, sodiamu laurili salfeti, huwafaa watu wanaopata vidonda vya mdomo mara kwa mara. Povu ni dogo, na watu hudhani haisafishi. Inasafisha.

Dawa ya kusukutua ya nyumbani

Yafaa, kama nyongeza. Majaribio ya dawa za kusukutua za mimea mengi ni madogo na ya wiki chache, lakini yanaelekea upande mmoja: ukoga na uvimbe wa fizi hupungua kiasi. Na usidhani ile ya dukani ni kitu cha sayari nyingine. Listerine, iliyoanza 1879, kazi yake inafanywa na thimoli, mentholi na yukaliptoli, vitu vilivyotambulikana kwanza katika mafuta ya mimea. Kilichoongezwa ni alkoholi, ambayo katika ile ya asili huzidi asilimia 20. Kama hutaki alkoholi kwa sababu ya dini au kwa sababu inakukausha kinywa, yako matoleo yasiyo nayo; soma orodha.

Ya karafuu ni rahisi. Chemsha maji ya kunywa mililita 250, kikombe kimoja kikubwa. Ondoa jikoni, tia karafuu nzima tano au sita, ufunike kwa robo saa ili mvuke usiondoke na mafuta. Chuja kwa kitambaa safi, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, iache iwe vuguvugu. Chukua mkupuo mmoja, usukutue kwa nusu dakika mpaka dakika moja, tema. Mara mbili kwa siku. Ikibaki, imwage usiku. Haina kihifadhi, na kwa joto letu la Lamu kesho yake itakuwa na utelezi. Maji ya kisima yachemshwe, na kama yana chumvi kwa asili yake punguza ile ya kutia, maana chumvi ikizidi inaukausha utando wa mdomo na kuwasha.

Ya mwarobaini: majani mabichi manane au kumi yaliyooshwa vizuri, maji yaleyale, muda uleule. Ni chungu, na hapo ndipo inapoharibika, kwa sababu mtu hutia asali au sukari ili istahimilike. Ukitia sukari umewapikia bakteria futari. Vumilia, au rudi kwenye karafuu. Watoto wa chini ya miaka sita wasisukutue na chochote, hawajui kutema vizuri. Na mafuta ya mwarobaini yasiingie kabisa kinywani mwa mtoto.

Wakati wa kusukutua ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usisukutue mara tu baada ya kupiga mswaki, utaiosha floraidi. Baada ya chakula cha mchana au alasiri ni wakati mzuri.

Mafuta ya karafuu ni habari nyingine, yasichanganywe na maji ya karafuu. Ndani yake kuna yujinoli nyingi, ile kemikali inayotuliza maumivu. Madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Ikiwa safi bila kuzimuliwa inaunguza fizi ikaacha kidonda cheupe, na mtoto akiimeza inaweza kumwumiza ini. Kwa mtu mzima anayeumwa na jino usiku na hospitali mbali: tone moja katika kijiko kizima cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba ndogo, ibane juu ya jino, si juu ya fizi, dakika tano, itoe. Maumivu yatatulia, ubovu utaendelea. Na jino lililouma wiki nzima likanyamaza lenyewe ghafla, usishukuru upesi: mara nyingi neva imekufa, na usaha unafuata.

Kuhusu kusukutua kwa mafuta ya nazi dakika kumi na tano au ishirini, wanavyofanya Wahindi tangu zamani, ushahidi ni hafifu, lakini mtu mzima hadhuriki mradi asiyavute kwenye mapafu wala kuyameza. Mimi ningezitumia dakika hizo kwa uzi wa meno.

Vitu vya kuviacha

Ndimu. PH yake ni 2 na kitu. Inayeyusha enameli papo hapo, na lile jino linaloonekana jeupe baada ya kusuguliwa na ndimu ni jino lililopoteza ngozi yake ya juu. Baada ya wiki kadhaa linaanza kutia ganzi kwa maji baridi. Hata baada ya kunywa juisi ya ukwaju au kula embe mbichi kwa pilipili, ngoja nusu saa au saa nzima kabla ya kupiga mswaki.

Mkaa, uwe wa mkoko au wa kifuu cha nazi, unakwaruza, chembe zake hukwama chini ya fizi, na hakuna ushahidi kwamba unafanya meno yawe meupe zaidi ya kukwangua madoa ya juu. Poda nyekundu za Kihindi zipatikanazo madukani mara nyingi hutiwa geru, udongo mwekundu, nao unakwaruza vilevile. Nyingine huwa na tumbaku. Kinyume chake, soda ya kuokea maandazi ni laini ajabu: kwa kipimo cha ukwaruzaji kiitwacho RDA, ambacho kiwango cha kimataifa kinaishia 250, yenyewe iko karibu 7. Nusu kijiko cha chai ndani ya glasi ya maji ni dawa nzuri ya kusukutua baada ya kutapika au baada ya vitu vichachu, kwa kuwa inazimua asidi. Lakini haina floraidi, na usiichanganye na ndimu. Mapovu yale ni vitu viwili vinavyouana. Isiwe ile poda ya keki pia, ambayo ina asidi na wanga ndani.

Shabu huikaza fizi na damu hukatika, kwa hiyo watu huipenda. Ni kitu chenye asidi, na kukatika kwa damu kunaficha ukoga uliobaki palepale.

Mswaki wa mti na Ramadhani

Mswaki wenyewe, ule wa mti, ndio mtishamba ninaouheshimu kuliko yote, kwa sababu unasugua na kuua bakteria kwa pamoja. Una chumvichumvi, silika, tanini na dawa kali ya salfa ambayo ndiyo inayowasha ulimi. Floraidi yake ni kidogo mno kutegemewa.

Nunua ulio mbichi: unapinda bila kuvunjika, una harufu kali, unene wa kidole cha mwisho, urefu wa sentimita 15 hivi. Menya ganda sentimita moja tu ya ncha, tafuna taratibu mpaka nyuzi zitawanyike. Ukikauka, loweka usiku mmoja katika maji matamu; ukiuacha majini siku kwa siku ule ukali wote unabaki kwenye maji. Sugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, si kulia na kushoto: wanaokokota kwa miaka fizi zao hupanda na shina la jino likabaki wazi. Kosa jingine ni kusugua meno ya mbele peke yake, yanayoonekana. Ndani ya magego ya chini, upande wa ulimi, ndiko mswaki wa mti usikofika kirahisi, na ndiko jiwe linakojaa. Kata ncha iliyotumika kila siku, utafune mpya. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa na majimaji, utaota ukungu. Usiazimane. Na usikate kijiti cha mti usioujua, hasa wenye utomvu mweupe.

Mwezi wa Ramadhani ratiba ni hii. Usiku, baada ya kaimati, tende na tambi za sukari, na baada ya lile kombe la mwisho la chai, piga mswaki kwa dawa yenye floraidi kabla ya kulala. Ukiamka daku, ukishamaliza kula, piga tena, tema, na ukiwa na wasiwasi wa mabaki sukutua kidogo tu. Kwangua ulimi pia, upande wa nyuma. Harufu ya mchana hutokea huko zaidi kuliko kwenye meno, kwa kuwa kinywa kimekauka. Mchana tumia mswaki wa mti wakati wa udhu. Hukumu ya dawa ya bomba mchana waulize masheikh wako. Kwa upande wa meno, mara mbili hizo za usiku zinatosha, huihitaji mchana.

Yule wa miaka tisa, mwangalie mabuyu. Sukari iliyogandana na kokwa, asidi ya ubuyu wenyewe, na mtoto anayemumunya moja moja tangu atoke madrasa mpaka magharibi: kila moja inaanzisha upya ile nusu saa ya asidi. Akila pakiti yote mara moja baada ya chakula, akanywa maji, hasara ni ndogo kuliko akiifanya iwe ya jioni nzima. Na mpaka afike miaka saba au minane mtoto hana mkono wa kujisafisha sawasawa, kwa hiyo mdogo mpigie wewe, ukiwa nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifuani mwako.

Mama mkwe

Hapa dawa ya kusukutua siyo jibu. Tatizo la tambuu ni popoo: imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la kimataifa katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hata bila tumbaku. Pamoja na tumbaku na chokaa hatari inaongezeka. Maji ya karafuu yatampunguzia harufu na kumpa amani ya uongo.

Mwombe kwa adabu afungue kinywa mwangani. Kwanza aingize vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimesimamishwa mmoja juu ya mwingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, au kama anasema pilipili kidogo tu inamwunguza siku hizi, mashavu yake huenda yameanza kukakamaa, na hilo halirudi nyuma kirahisi. Kisha angalia ndani ya mashavu, chini ya ulimi na pale anapoweka tambuu: alama nyeupe isiyofutika kwa kitambaa, wekundu kama ngozi iliyochunika, uvimbe mgumu, au kidonda kilichozidi wiki mbili. Kimoja kati ya hivyo kikiwepo apelekwe hospitali aonwe na daktari wa meno, hata kama hakiumi. Mara nyingi mwanzoni hakiumi. Visipokuwepo, aanze kuitoa popoo na tumbaku ndani ya jani, abaki na iliki na karafuu, asiilaze shavuni usiku, na umwangalie tena kila baada ya miezi mitatu.